Mlango Niliouziba

Nyumba yetu na ya Bi Amida zilikuwa na ukuta mmoja katikati. Yake ndiyo iliyotangulia. Aliijenga na marehemu mumewe, Mzee Idarous, wakati Thika ilikuwa stesheni ya reli, maduka machache ya Wahindi, na mkonge pande zote. Mama yangu, Magdalene, alifika Majengo mwaka wa arobaini na nne akiwa mjane, mimi nikiwa na miaka sita. Bi Amida akamwambia, "Egemeza fito zako hapa kwangu, utaokoa upande mmoja." Mama akaegemeza. Kwa hiyo tulikaa chini ya paa moja la madebe yaliyokunjuliwa, milango miwili inayotazama njia, sisi tukienda kanisani Jumapili na yeye akitandika mkeka wake mara tano kwa siku. Mimi nilimwita cucu, kama sisi Wakikuyu tunavyowaita nyanya zetu. Mama alimwita Bi Amida tu.

Nasema haya mapema kwa sababu baadaye yaliulizwa ofisini, na ofisini hawana subira ya kuanza mwanzo.

Mwaka wa hamsini na tano, wakati wa Hali ya Hatari, ilitoka amri kwamba kila mlango wa Majengo utoe mtu mmoja kila asubuhi kuchimba mtaro. Mtaro huo ulikuwa wa kupeleka maji machafu mbali na maduka, upite nyuma yetu mpaka bondeni. Hawakusema kila nyumba, wala kila mwenye nguvu. Walisema kila mlango. Nyapara Ndambuki alipita alfajiri na fimbo yake akigonga. "Mlango! Mtu! Mlango! Mtu!" Asiyetoka alifuatwa na askari.

Mlango wetu nilitoka mimi, maana mama alikuwa na kifua. Mlango wa pili ulikuwa wa Bi Amida, na Bi Amida alikuwa peke yake, karibu miaka sabini, goti moja limevimba kama boga. Alitoka na jembe hivyo hivyo.

"Nyanya," Ndambuki akamwambia, watu wakisikia, "unachimba mtaro ama unapanda maharagwe?"

"Maharagwe," Bi Amida akajibu. "Yakiota nitakuletea, maana naona kwako hawakupikii."

Tulicheka. Lakini siku ya tatu alianguka mtaroni na ikabidi tumvute kwa leso yake. Kutoka siku hiyo nilichimba kipande chetu mpaka saa sita, kisha chake mpaka saa kumi. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikirudi nyumbani nilikaa mlangoni nikashindwa hata kuvua matope, nikatazama tu ile milango miwili.

Hapo ndipo nilipopata wazo.

Jumapili moja Ndambuki alikwenda kwao Machakos. Mvua ilikuwa inanyesha na watu wamejifungia ndani. Nilimwambia mama, "Kama hesabu ni ya milango, tupunguze mlango." Mama alinitazama sana, kisha akaenda kuchota maji ya udongo. Tukaung'oa ubao wa mlango wa Bi Amida, ubao mzito wa mvule ambao Mzee Idarous aliununua kutoka kwa Mhindi aliyevunja duka. Mahali pake tukafunga fito, tukajaza mawe, tukakandika. Mimi ndiye niliyekandika. Nilichanganya udongo na mavi ya ng'ombe na jivu, nikapiga kwa kiganja, nikalainisha, nikapaka chokaa ukuta wote wa mbele ili rangi isitofautiane. Kisha tukatoboa ukuta wa katikati, tukatundika gunia, Bi Amida akawa anapitia kwetu. Ubao wa mlango tukauweka juu ya mawe manne, ukawa kitanda chake.

Jumatatu Ndambuki aligonga mlango wetu, akapiga hatua, akainua fimbo kugonga wa pili, akaona ukuta. Akasimama.

"Hapa hapakuwa na mlango?"

"Mzee," nikamwambia, "si wewe ndiye unayehesabu?"

Alikuna shingo. Akaendelea mbele. Sitaficha, nilijivunia. Kila nilipopita nilitazama ule ukuta nikatafuta ufa, na ufa haukuwepo. Katika wiki chache zilizofuata milango mingine mitatu ya Majengo ilipotea, lakini yao ilionekana, na wawili walichapwa. Wangu haukujulikana.

Mtaro tulichimba miaka miwili.

Mwaka wa hamsini na saba, amri ya kuchimba ikiwa imelegea, wakaja watu wapya. Mmoja alibeba mnyororo wa kupimia, mwingine vigingi vilivyopakwa chokaa, mwingine kopo la rangi nyekundu. Huyu wa rangi alipiga namba kwenye kila mlango. Sisi tuliokuwa tumezoea tulijua namba ni nini. Namba ni jembe. Watu walijificha. Mbaluka, aliyekuwa anafanya kazi ya kupakia mizigo stesheni, alifunga nyumba akatoka nje akakaa kwa jirani. Waceke, jirani yetu wa mbele, aliingia chooni. Mimi nilisimama kwenye mlango wetu, mikono kiunoni, nikamwacha yule mtu aandike arobaini na saba.

"Nyumba ni hii moja?" akaniuliza, akionyesha kwa burashi kutoka pembe hadi pembe.

"Ni moja."

"Ndefu."

"Ni ndefu, ee."

Akaenda. Bi Amida alikuwa ndani amenyamaza kama tulivyokubaliana. Aliposikia hatua zimekwenda alicheka akisema, "Mjukuu wangu, wewe ungekuwa wakili."

Mwezi wa tatu baada ya hapo lilibandikwa tangazo kwenye bomba la maji. Karani Gerishon, kijana wa Kikuyu aliyevaa soksi ndefu, alilisoma kwa sauti. Mji wa Thika unakua. Viwanda vinaongezeka na reli inataka nafasi. Majengo yote yatavunjwa, na watu watapewa ploti upande wa Kamenu, zilizopimwa, zenye njia zilizonyooka na choo kwa kila mstari. Kila namba itapata ploti moja. Kila ploti jamaa moja, bila wapangaji na bila wageni. Asiye na namba hatambuliwi, atafute kwao. Na tangu siku ya kuhesabiwa ni marufuku kuongeza, kupunguza au kugeuza kitu chochote katika nyumba yoyote.

Kelele zikaanza.

"Mimi nilikuwa chooni!" Waceke alisema. "Wameandika wapi?"

"Mlango wa choo," mtu akamjibu. "Utapewa ploti ya choo."

Walicheka, kumbe lilikuwa kweli. Choo cha Waceke kilikuwa na namba thelathini na tatu. Nyumba yake pia ilikuwa na namba. Alikuwa na mbili, na Bi Amida hakuwa na hata moja.

Sikucheka. Nilitazama ukuta wangu kutoka pale bombani. Ulikuwa mweupe na laini.

Jioni hiyo Bi Amida alianza kukunja nguo zake akizifunga kwenye leso. Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

"Nitakwenda Mugutha kwa Salim," alisema. Salim alikuwa mtoto wa ndugu ya mumewe, alikuwa anafanya kazi kwenye shamba la kahawa upande wa Ruiru. "Damu haimtupi mtu."

"Cucu, ulimwona lini mara ya mwisho?"

"Mwaka ule wa nzige."

Nikaona afadhali nitangulie kuona. Nilitoka asubuhi, nikatembea kando ya reli na nikafika Mugutha jua likiwa utosini, miguu imepasuka. Salim nilimkuta kwenye laini za wafanyakazi, chumba kimoja cha mabati, ndani vitanda vinne vya mbao na suruali nne kwenye kamba. Alikuwa mtu mpole. Alinipa chai ya rangi kwenye kopo.

"Mwambie shangazi namsalimu sana," alisema. "Lakini dada, tazama mwenyewe. Nitamweka wapi, juu ya dari? Na dari yenyewe hatuna."

"Hakuna nyumba ya wenye jamaa?"

"Ziko. Za wenye wake wanaochuma kahawa. Yeye na goti lile atachuma nini?" Alichukua kopo langu tupu. "Mwambie nitamtumia khanga."

Njia ya kurudi ilikuwa ndefu kuliko ya kwenda. Nilipofika sikumwambia neno la dari. Nilimwambia kwamba Salim anamsalimu. Aliniangalia miguu, akaelewa, akaanza kufungua leso na kurudisha nguo zake moja moja mahali pake.

Usiku huo sikulala vizuri na asubuhi nilimwambia mama, "Nataka kwenda kwa Bwana wa Ramani nimwambie kulikuwa na mlango."

Bwana wa Ramani ndivyo tulivyomwita Mzungu aliyekuja na wale wa vigingi. Mama alikuwa anafua sare za watu. Hakuinua kichwa.

"Nenda. Na akikuuliza nani aliuziba?"

"Nitasema mimi."

"Halafu? Wewe unajua walichofanyiwa wale wawili. Na hao walikuwa Wakamba. Sisi Wakikuyu tuko hapa kwa kitabu cha pasi, Ngina. Mtu akikohoa tunarudishwa rizavu. Huko rizavu tuna nini? Shamba la baba yako linalimwa na watu wengine." Alikamua shati mpaka likalia. "Hii namba ndiyo kitu pekee nimepata tangu baba yako afe. Arobaini na saba. Nimeikariri kama mstari wa Biblia."

"Maitu, yeye alituegemezea ukuta."

"Najua alichotuegemezea."

Hakusema zaidi. Nilingoja siku mbili nikidhani atasema. Ilibaki siku moja kabla ya ofisi kufunga daftari la ploti.

Asubuhi Bi Amida alipoamka nilimwomba kitanda chake. Niliufunga ule ubao wa mvule kwa kamba, nikapitisha mkanda wa ngozi kwenye paji la uso, nikauinua mgongoni vile tunavyobeba kuni. Sikuwa na ushahidi mwingine. Ukuta haukuonyesha chochote, nilikuwa nimehakikisha hivyo mwenyewe. Nilipita mbele ya maduka nimeinama, ubao umenizidi urefu, na watu wakaona mlango unatembea.

"Ngina!" Mbaluka aliita kutoka stesheni. "Nyumba iko nyuma inakuja?"

"Imechoka, inapumzika," nilijibu bila kugeuza shingo, maana haikugeuka.

Ofisini Gerishon alisimama mara moja. "Hii nini? Toa! Utakwaruza sakafu."

"Nimekuja kumwona Bwana wa Ramani."

"Na mlango?"

"Na mlango."

Bwana wa Ramani alitoka kwa sababu ya kelele. Alikuwa mwembamba, pua imebabuka kwa jua, macho mekundu kama ya mtu anayesoma kwa taa mbovu. Ukutani nyuma yake ilikuwa ramani kubwa. Niliona reli, nikaona mto Chania, kisha nikaona Majengo yetu yote, vijumba vidogo kama punje za mahindi zilizomwagika, na juu yake mistari mipya iliyonyooka inayopita katikati ya punje bila kukwepa.

"Wewe nataka nini?" aliuliza.

Nilimwambia. Nilimwonyesha ubao, matundu ya bawaba, mahali mkono wa Mzee Idarous ulipochonga herufi ya jina lake. Nikamwambia nyumba namba arobaini na saba ni nyumba mbili.

"Hapana. Mtu yangu naona mlango moja."

"Wa pili ulizibwa."

"Nani naziba?"

Gerishon alikohoa. Alinitazama kwa nguvu, kisha akatazama soksi zake.

"Mimi, bwana," nikasema.

"Kwa nini?"

"Cucu hana mtu wa kuchimba. Walihesabu milango."

Akauliza, "Chimba nini?" Gerishon akamweleza kwa Kizungu, akionyesha dirishani. Bwana wa Ramani akaenda kwenye ramani akatafuta mtaro kwa kidole. Hakuupata. Akasema kitu kifupi.

"Anasema nini?" nilimuuliza Gerishon.

"Anasema mtaro utafukiwa. Barabara ya viwanda inapita hapo."

Sikujua niweke wapi macho. Miaka miwili. Niliyaweka kwenye ubao.

Bwana wa Ramani alifungua kabati akatoa karatasi ya zamani iliyokunjwa mpaka ikachanika mikunjoni. Ilikuwa ramani ya Majengo ya kabla sijazaliwa. Alifuata kwa penseli, akasimama. Palikuwa na nyumba moja, na kando yake jina limeandikwa kwa wino uliofifia. Nyumba ya Bi Amida. Upande wa pili, mahali petu, palikuwa patupu.

"Hii kweli," alisema, kama mtu aliyefurahi kidogo kupata kitu kinacholingana. "Hii nyumba ya mzee mwanamke. Hii ingine najenga bila ruhusa." Akamwambia Gerishon, na Gerishon akaanza kuandika polepole. "Namba arobaini na saba ya yeye."

"Bwana, nilikuja kuomba namba ya pili. Sikuja kutoa ile ya—"

"Ramani nasema nyumba moja. Namba moja." Alijifuta uso. Sikuona ubaya katika uso huo, niliona uchovu tu. "Mambo ya kuziba mlango mimi nasahau. Wewe peleka hii mbao nyumbani. Kesho yeye nakuja na jamaa yake, andikisha."

Nilirudi na mlango mgongoni. Ulikuwa mzito kuliko asubuhi.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakunipiga wala hakulia. Alisema tu, "Umenitoa nyumbani kwangu ukinibebea mlango wa mtu," akaingia ndani. Jioni hakuniita kula.

Bi Amida alikuwa nyuma ya gunia na alisikia yote. Alitoka akachechemea mpaka kwa mama.

"Magdalene. Bwana wa Ramani amesema jamaa. Kesho tutakwenda watatu."

"Mimi si jamaa yako, Bi Amida."

"Sijakuuliza. Nimesema tutakwenda watatu."

Asubuhi tulikwenda. Mama alivaa kitambaa cheupe cha wanawake wa kanisa, akatembea hatua kumi mbele yetu. Nataka ieleweke mama yangu ni mtu wa namna gani. Aliwahi kurudi sokoni mvua ikiwa imeanza, kumrudishia muuzaji viazi viwili vya ziada. Uongo mdogo ulimkosesha usingizi, na tulipoziba ule mlango alifunga kula siku tatu bila kuniambia sababu.

Foleni ilifika mpaka barabarani. Waceke alikuwa mbele yetu na namba zake mbili, anatetemeka wasimgundue. Ilipofika saa nane ndipo tukafika mezani. Gerishon alikuwa na wino mpaka kwenye sikio.

"Arobaini na saba. Jina."

"Amida binti Juma."

"Jamaa?"

"Binti yangu Magdalene. Mjukuu wangu Ngina."

Kalamu ikasimama. Gerishon alitutazama, Bi Amida na buibui lake, mama na kitambaa chake cha msalaba mwekundu.

"Bi Amida. Huyu ni Mkikuyu. Mkristo."

"Karani, wewe ulikuwepo nikizaa?"

Nyuma yetu watu walicheka. Gerishon hakucheka. Alishusha sauti akamgeukia mama, akamwambia kwa Kikuyu, "Mama, mimi nikiandika uongo nafukuzwa. Siwezi kuandika maneno yake peke yake. Sema wewe. Huyu ni nani kwako?"

Mama alitazama ile kalamu. Nilitaka kusema badala yake, lakini swali halikuwa langu, na nilikuwa nimeshasema vya kutosha katika ofisi ile. Nyuma mtu akapiga kelele kwamba jua linachoma. Bi Amida alikuwa ameegemea meza kupumzisha goti, hatazami mtu.

Mama aliinua mkono, akakivua kile kitambaa cha kanisa kichwani, akakikunja mara mbili, akakitia mfukoni.

"Ni maitu," alisema.

"Mama yako?"

"Umesikia. Andika."

Gerishon akaandika.

Wiki iliyofuata tulionyeshwa ploti. Ilikuwa majani, na vigingi vinne vyeupe vyenye namba 47, na kamba imezungushwa. Chumba kimoja, futi kumi kwa kumi, na sehemu ya jiko nyuma. Tulisimama watatu ndani ya kamba na tulikuwa tumeshajaa. Mama hakuwa amenisemesha tangu siku ile, na Jumapili hiyo hakwenda kanisani.

Bi Amida aliketi kwenye kigingi. "Mlango utatazama wapi?"

"Ofisi ndiyo inasema," nikamjibu. "Yote itatazama barabara."

"Ubao wangu je?"

Nilikuwa nimeshapima. Mlango wa nyumba mpya ni mwembamba, ule wa mvule hauingii. "Utabaki kitanda, cucu."

Mama alikuwa amesimama pembeni akitazama kule tulikotoka, ambako walikuwa wanamimina kifusi mtaroni, lori baada ya lori. Kisha akaniambia, bila kugeuka, "Chukua upande ule wa kamba. Imelegea." Nikachukua, tukaivuta.